Foleni ya Juni Imetungwa Bungeni

Kila wiki ya mwisho ya Juni habari huwa ile ile. Wakenya, wazoefu wa dakika za mwisho, wamefurika tena katika vituo vya Huduma na kwenye saiba kuwasilisha ritani za ushuru. Picha ni ya foleni, na maelezo chini ya picha ni ya lawama. Redioni huletwa mtaalamu mwenye sauti ya upole atukumbushe kwamba mfumo wa iTax ulikuwa wazi tangu Januari, kwamba mwananchi mwema hangoji Juni 30, kwamba tabia hii tuiache.

Mimi hujaza ritani za watu. Ndiyo kazi inayonilisha, katika chumba cha meza mbili na printa moja huku Mwembe Tayari, Mombasa. Nimechoka kusikia wateja wangu wakiitwa wavivu na watu ambao hawajawahi kuketi nao uso kwa uso. Foleni hiyo haikuzaliwa na uvivu. Imetungwa, kifungu kwa kifungu, na wenye mamlaka ya kutunga. Na wengi waliosimama ndani yake hawana jambo lolote la maana la kufanya pale.

Tumchukue mwenye mshahara. Kila mwezi, kabla tarehe 9 haijapita, mwajiri wake huwasilisha kwa KRA, mamlaka ya ushuru, ritani ya PAYE, ule ushuru unaokatwa kwenye mshahara. Ndani yake mna orodha ya wafanyakazi: PIN, yaani nambari ya ushuru, ya kila mmoja, mshahara, marupurupu, makato, ushuru uliokatwa. Orodha hiyo hupelekwa mara kumi na mbili kwa mwaka. Pesa zenyewe ziliondoka kabla mfanyakazi hajazigusa. Mwaka ukiisha anaitwa: njoo utuambie ulilipwa kiasi gani, na sisi tulichukua kiasi gani. Usipokuja, shilingi 2,000. Ni sawa na mwenye duka akukate pesa zako, aziandike kwenye daftari lake, kisha Juni akuite umsomee daftari hilo hilo, na ukichelewa akupige faini.

Wala si siri kwamba wanazo hizo hesabu. Ukichagua ritani ya mwenye mapato ya ajira pekee, mara nyingi tarakimu hujitokeza zenyewe kwenye skrini: jina la mwajiri, jumla ya mshahara, ushuru uliokatwa. Humgeuzia mteja kompyuta aone. "Si hizi hapa zote tayari?" huniuliza. Ndizo. "Sasa mimi nimekuja kufanya nini?" Umekuja kubofya, ndugu yangu. Umetoka Mtongwe, umepanda feri, umeomba ruhusa kazini, umekalia benchi langu saa mbili, ubofye mahali palipoandikwa wasilisha. Kisha unilipe.

Najua kwa kusema haya najitilia kitumbua mchanga. Kibofyo hicho ndicho kinacholipa kodi ya chumba. Lakini riziki inayopatikana kwa kumzungusha mtu bure haina ladha, na kazi za kweli za ushuru zipo, nitazitaja.

Ukivuka mpaka pale Lunga Lunga ukaingia Horohoro, mambo ni mengine. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania, ya mwaka 2004, haimdai ritani ya mwaka mkazi ambaye kipato chake chote ni mshahara uliokatwa kodi na mwajiri. Mwajiri amekata, amepeleka, yamekwisha. Uingereza, ambako tulirithi huu utaratibu wa kukatwa mshahara kwenye chanzo, wafanyakazi wengi wa mshahara hawajazi ritani yoyote maishani. Sisi tulichukua kukata, tukaongeza na kuuliza. Jirani yetu wa Tanga hajawa mkwepaji kodi kwa kukosa kubofya.

Hayo ni ya mwenye mshahara. Njoo kwa asiye na kitu.

Kenya humtaka mtu asiyepata chochote aje kila mwaka atangaze kwamba hakupata chochote. Ndiyo ritani ya sufuri, au kama wateja wanavyoniambia mlangoni, "nakuja ya nil." Asipokuja kusema hana, anadaiwa shilingi 2,000. Soma tena taratibu. Mtu hana kipato, ushuru anaodaiwa ni sufuri, hasara iliyoipata hazina ya taifa kwa yeye kutokuja ni sufuri, na faini ni elfu mbili. Na hizo elfu mbili ni huruma: kabla Bunge halijaipunguza mwaka 2018, faini ilikuwa shilingi 20,000. Kuna kijana aliyetozwa elfu ishirini kwa kosa la kutotangaza umaskini wake kwa wakati.

Watasema: kama huna kipato, ulichukulia nini PIN? Waliouliza hivyo hawajaisoma sheria yao wenyewe. Jedwali la Kwanza la Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015 limeiweka PIN kwenye kila mlango. Kufungua akaunti ya benki, PIN. Kusajili gari au jina la biashara, PIN. Hatimiliki ya shamba, PIN. Hata amana ya kuunganishiwa stima, PIN. Na nje ya jedwali hilo, mwanafunzi anayeomba mkopo wa HELB ili asome, PIN. Mtoto ametimiza miaka kumi na minane, amepata kitambulisho, wiki hiyo hiyo amepata PIN kwa sababu bila PIN hapati karo. Hakuna aliyemwambia kwamba pamoja na nambari ile amepewa na deni linaloota kila Juni 30.

Aliniketia mbele binti mmoja wa Kwale, shahada yake ya ualimu kwenye bahasha ya kaki, nakala nne za kila kitu, kama walivyo wote wanaotafuta kazi. Tangazo la kazi lilitaka cheti cha kutodaiwa ushuru, cha polisi, cha HELB, cha maadili, cha kampuni ya kukagua mikopo. Nikaingia kwenye akaunti yake. Mwaka, 2,000. Mwaka, 2,000. Mwaka, 2,000. Akasogeza kiti. "Anti, hiyo si ndiyo HELB?" Nikamwambia hapana, HELB ni lile deni lako lingine. Alinyamaza, kisha akaniuliza swali ambalo sijapata jibu lake la kisheria wala la kibinadamu: "Nimewakosea nini, na sijawahi kuajiriwa hata siku moja?" Ili apate kazi, alipe faini. Ili alipe faini, apate kazi. Watunga sera wetu wana semina nyingi kuhusu ajira kwa vijana. Wangeanza na hili, halihitaji hoteli.

Serikali yenyewe inajua kuwa faini hizi zimezidi. Kama haijui, mbona ilitoa msamaha? Sheria ya Fedha ya 2023 ilifungua mlango wa kufutiwa faini na riba za miaka ya hadi Desemba 2022. Ulipofungwa, ukafunguliwa tena kwa madeni ya hadi Desemba 2023. Msamaha wa kwanza ulikwisha lini? Juni 30, 2024. Wa pili? Juni 30, 2025. Hata kusamehewa walikupangia siku ile ile ya kushtakiwa! Nami nikawa na foleni mbili kwenye benchi moja: wa kujaza ya mwaka huu, na wa kuombewa msamaha wa miaka iliyopita.

Sasa niseme kazi yenyewe ilivyo, maana wanaotusimanga hudhani kujaza ritani ni kuandika namba kwenye kisanduku.

Saa ya kwanza ya mteja mara nyingi si hesabu, ni upelelezi. PIN anayo, ameipigisha lamineti na kuitia kwenye pochi nyuma ya picha ya mama yake. Nywila hana. Nywila mpya hutumwa kwa barua pepe. Barua pepe ipi? Hapo ndipo tunapogundua kwamba miaka kadhaa iliyopita kijana wa saiba, kwa kuwa mteja hakuwa na barua pepe, alimwekea yake yeye kijana. Kijana yuko Qatar. Saiba siku hizi inauza viazi karai. Namba ya simu iliyosajiliwa ilipotea na simu iliyopotea. Kwa hiyo mtu mzima mwenye kitambulisho mkononi, aliyekaa mbele yangu akiwa hai, sharti athibitishe upya kwamba yeye ndiye yeye, ndipo aruhusiwe kuiambia serikali jambo inalolijua. Na hata tukipata nywila, mfumo hutupa hesabu ndogo ya kujumlisha au kutoa kabla haujafungua, na mzee wa miaka sitini na kitu, aliyekuwa karani wa bandari, huniangalia kana kwamba mimi ndiye ninayempima akili.

Ambaye mambo yake si ya kubofya tu, ana biashara kidogo pembeni au vyumba vya kupangisha, hupakua fomu ya Excel. Fomu hiyo hutaka macro ziwashwe, na haijazwi kwenye simu. Kenya hii ambayo tunaisifu duniani kwa kulipana kwa simu, ambako mama muuza mahamri wa Kongowea anapokea pesa kwa simu kabla jua halijachomoza, tumemwambia mtu wake: kwa jambo hili la kisheria, lenye faini, tafuta kompyuta yenye Excel. Wenye kompyuta ni wangapi? Basi huja kwangu. Nafungua ukurasa wa F, mapato ya ajira. Naenda wa M, ushuru uliokatwa na mwajiri. Naenda wa T, mfumo ujumlishe. Senti moja ikikataa kulingana, fomu hugoma kuthibitika, nami naanza upya huku simu inalia na mlangoni kuna watu.

Na senti hugoma kulingana kwa sababu kuna waajiri wa ajabu. P9 ni ile karatasi ya mwaka inayoonyesha mwezi kwa mwezi mshahara na makato. Walimu wa TSC na watumishi wa serikali huichukua mtandaoni. Lakini huku Pwani tuna watu wa hoteli. Kuna hoteli za ufuoni zilizofunga milango, meneja kaondoka, ofisi ya wafanyakazi ina kufuli lililoshika kutu. Mhudumu aliyefanya kazi pale Januari hadi Aprili aidai P9 kwa nani? Kuna na waajiri wanaokata ushuru kwenye mshahara na wasiufikishe unakotakiwa. Mfanyakazi ana hati za mshahara za mwaka mzima, zote zinasema amekatwa. Upande wa pili wa skrini pamekaa sufuri. Mwajiri wa namna hiyo ndiye anayestahili foleni, jua na faini. Anayekuja kwangu jasho likimtoka ni yule aliyekatwa. Mnyonge hana haki, wahenga walisema, na sisi tukaipa kauli hiyo mfumo wa kompyuta.

Kisha kuna sheria zenyewe, ambazo hazitulii. Mwaka 2020, katikati ya Korona, kiwango cha juu kilishushwa kutoka asilimia 30 hadi 25 kuanzia Aprili, na nafuu ya kila mlipa ushuru ikapanda kutoka shilingi 1,408 hadi 2,400 kwa mwezi. Ilikuwa haki, sina ugomvi. Januari 2021 kiwango kikarudi juu. Biashara ndogo nazo zilishushiwa ushuru wa mauzo hadi asilimia 1 mwaka huo wa 2020. Julai 2023 zikarudishwa asilimia 3. Julai hiyo hiyo viwango vipya vya 32.5 na 35 vikaanza kwa wenye mishahara minono, ada ya nyumba ya asilimia 1.5 ikaanza kwa kila mwenye mshahara, mahakama ikasema hili, mahakama ya juu yake ikasema lile. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ikaitupa Sheria nzima ya Fedha ya 2023. Oktoba Mahakama ya Juu ikaiokota. Wakati huo mimi nina mteja anauliza: nijaze kwa sheria ipi?

Mwaka wa 2024 peke yake ulitosha kumtia mtu wazimu. Bima ya afya ilikuwa NHIF hadi Septemba, ikawa SHIF ya asilimia 2.75 kuanzia Oktoba. Ada ya nyumba ilikuwa ikikupa nafuu ya asilimia 15 ya ulichochangia, kisha Desemba 27 sheria mpya ikasema hapana, sasa itolewe kwenye mshahara kabla ya kuhesabu ushuru, na SHIF vivyo hivyo. Nafuu ya namna moja hadi Novemba, makato ya namna nyingine Desemba, na vyote katika ritani moja. Mlinzi wa lango la ghala kule Changamwe, anayelipwa mshahara wa mlinzi, ndiye tunayemtarajia aelewe hayo, na tunamwita mvivu kwa kuwa amekuja Juni 27 kutafuta anayeelewa.

Ngoja nikuonyeshe mtego ninaouchukia kuliko yote. Kila mtu anaijua Juni 30. Imeimbwa kwenye matangazo mpaka watoto wanaijua. Lakini mwenye salio la ushuru wa mwaka uliopita hutakiwa awe amelilipa Aprili 30. Juni 30 ni makataa ya kuwasilisha karatasi. Ya kulipa yalipita miezi miwili kabla, kimya kimya, bila tangazo la kuimbwa.

Ni nani hukamatwa humo? Si tajiri, tajiri ana mhasibu. Ni mwalimu anayefundisha shule ya msingi mchana na jioni chuo cha kibinafsi, waajiri wawili, wote wamemkata ushuru, na yeye anatembea kifua mbele akijua halidai taifa wala taifa halimdai. Nikiziunganisha P9 mbili, hesabu hugeuka. Kila mwajiri alimpa nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi, na kila mmoja alianza kumhesabia kwenye kile kiwango cha chini cha asilimia 10. Sheria humpa nafuu moja na ngazi moja. Ile nafuu ya pili pekee ni shilingi 28,800 kwa mwaka, kabla hatujagusa tofauti ya viwango. Amekuja Juni 15, kwa macho ya redio amewahi, ni mwananchi mwema. Kwa macho ya sheria amechelewa: asilimia 5 ya faini ya kuchelewa kulipa, na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi. "Lakini anti, si nilikatwa kote kuwili?" Ulikatwa, mwalimu, ila hukukatwa vya kutosha, na hakuna aliyekuwa na wajibu wa kukwambia.

Hiyo ndiyo kazi ya kweli niliyosema nitaitaja. Mtu wa waajiri wawili, mwenye nyumba za kupangisha, mwenye duka ambaye tangu Januari 2024 gharama zake hazikubaliki bila ankara ya kielektroniki ya eTIMS na muuzaji wake wa jumla hajui eTIMS ni nini. Hawa wanahitaji mtu wa kukaa nao, siku nzima ikibidi. Juni siwapati. Wamezama chini ya wabofyaji na watangaza sufuri. Kichwa changu saa nne usiku hakina tena uwezo wa kuona kwamba kuna nafuu ya bima ambayo mteja ameikosa, na makosa ya usiku wa Juni 29 hulipwa na mteja, siyo aliyepanga tarehe.

Mbona basi tarehe zote zimerundikwa mwezi mmoja? Makampuni yanayofunga hesabu Desemba, ambayo ndiyo mengi, nayo hutakiwa kuwasilisha ndani ya miezi sita, yaani Juni 30. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa Juni 30, kwa hiyo wakusanyaji nao wanakimbizana na malengo yao. Bajeti husomwa Juni. Mswada wa Fedha hujadiliwa na kupitishwa Juni ili sheria ianze Julai mosi. Kwa hiyo katika wiki moja, mimi najaza kwa sheria ya mwaka jana, naulizwa maswali ya sheria ya mwaka huu, na mteja amekasirishwa na sheria ya mwaka ujao. Juni 25, 2024, vijana walipoingia Bungeni Nairobi kuupinga Mswada wa Fedha na barabara za Mombasa zikajaa, mwenye P9 alikuwa bado anabisha mlango wangu niliokuwa nimeufunga nusu. Kesho yake Rais akaukataa Mswada. Mwenye P9 akarudi.

Nina neno pia kwa wenzangu, maana unafiki siutaki. Kuna wanaokaa kwenye meza kama yangu na, wakiona foleni ndefu, humuuliza kila mtu swali moja: "Nikujazie nil?" Mama wa watu amefanya kazi kiwandani mwaka mzima, amekatwa ushuru, anajaziwa sufuri kwa shilingi mia moja kwa sababu sufuri huchukua dakika tatu. Anakwenda nyumbani na stakabadhi yake amefurahi. Rekodi ya mwajiri inasema amelipwa, rekodi yake inasema hakulipwa, na siku atakapohitaji cheti atatakiwa arekebishe alichokitia sahihi bila kukisoma. Huo ni wizi, na anayeufanya hastahili kushika nywila ya mtu. Sheria ina utaratibu wa kuwapa leseni mawakala wa ushuru. Wangapi kati ya waliotundika bango la "Ritani Hapa" mtaani kwenu wanayo? Muulize kabla hujampa kitambulisho. Lakini nauliza pia: ni nani aliyewaundia soko hawa? Ukimlazimisha kila mwenye PIN apite mlango mmoja ndani ya wiki moja, walanguzi watasimama mlangoni. Abiria wa matatu za Desemba wanalijua hilo.

Wapo watakaotetea. Hoja yao ya pekee yenye uzito ni hii: ushuru wa mapato Kenya ni wa kujitathmini, na bila kumtaka kila mtu aje, mwenye kipato cha pembeni atajificha nyuma ya payslip. Nimewahi kumkamata mmoja hata mimi, mtumishi wa umma mwenye nyumba kumi na mbili za kupangisha Mtwapa, aliyetaka nimjazie mshahara tu. Wapo. Lakini kumbuka alikuja! Alikaa kwenye foleni, alikuwa tayari kubofya, na ritani yake ya uongo ingepokelewa na kupewa nambari sawa na za wakweli. Kumsumbua mlinzi wa Changamwe hakumfichui mwenye nyumba wa Mtwapa. Kunamfunika. Afisa ambaye angekwenda Mtwapa kuhesabu milango amekaa dawatini akimrudishia nywila mtu wa sufuri.

Kwa hiyo msitutangazie tena nidhamu. Anayemdai mtu karatasi asiyoihitaji, akampa fomu isiyofunguka kwenye kifaa alichonacho, akabadilisha sheria katikati ya mwaka anaouliza, akaificha tarehe ya kulipa nyuma ya tarehe ya kuwasilisha, kisha akamtoza faini kwa kuchanganyikiwa, huyo ndiye aliyechelewa.

Vinatakiwa vifungu viwili tu. Cha kwanza: mfanyakazi ambaye kipato chake chote kwa mwaka ni mshahara wa mwajiri mmoja, na mwajiri huyo amewasilisha ritani zake za PAYE, asidaiwe ritani ya mwaka. Cha pili: ambaye hana ushuru wa kulipa asitozwe faini ya kuchelewa kuwasilisha, na zilizokwishatozwa zifutwe bila kuombwa. Havihitaji kamati maalumu wala ziara ya kujifunza Ulaya. Wakitaka ziara waende Horohoro, kurudi ni siku hiyo hiyo.

Mswada wa Fedha hufikishwa Bungeni kufikia Aprili 30 kila mwaka, na Kamati ya Fedha na Mipango ya Bunge la Kitaifa hutoa tangazo la kupokea maoni ya umma kwa maandishi. Hakuna ada, na haihitaji wakili. Wewe uliyelipa elfu mbili ya sufuri, wewe uliyekatwa ushuru usiofika, wewe mwalimu wa waajiri wawili: tangazo likitoka, andika ukurasa mmoja, taja kilichokupata, taja vifungu hivyo viwili, tia sahihi, peleka. Wangu uko tayari.